Mwalimu, hiyo ni ya kukatia mchicha

Ndivyo alivyoniambia kijana wa chensoo siku ya kwanza alipoiona chensoo yangu, msumeno wa mashine wa kukatia miti unaotumia betri. Alikuwa amesimama getini, pikipiki inaunguruma, chensoo yake ya petroli imefungwa nyuma kwa mpira kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nilimfundisha darasa la tatu, kwa hiyo ana adabu zake: hakucheka mpaka aliponiona mimi nacheka. Akaipokea, akaipima kwa mkono, akatafuta mahali pa kutilia petroli, akakosa.

"Mwalimu, hiyo ni ya kukatia mchicha."

Sikumbishia. Siku ile alikuja kuangusha mkaratusi mrefu kuliko nguzo ya umeme, na mbele ya mti ule alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila mikaratusi ya kuangusha hunitokea mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haitokei kabisa. Mchicha ninao kila wiki.

Niko Kayenze, upande wa Ilemela, kwenye ekari mbili na kidogo alizoacha baba. Ukiziangalia kwenye karatasi ni ekari mbili, ukizitembea karibu nusu yake ni mawe. Watu wanaoijua Mwanza kwa picha ya Jiwe la Bismarck wanadhani mawe yetu yanakaa ziwani tu kusubiri kupigwa picha. Kwangu yako jikoni nyuma, yako shambani, moja liko katikati ya njia na tumelizoea kama mwanafamilia. Kati ya mawe hayo baba alipanda mikaratusi, mijohoro na miembe minne, na upande wa barabara akazungushia minyaa kama walivyofanya wazee wote wa Usukuma. Alipanda kwa fujo. Kazi ya kupogoa akaniachia mimi.

Nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Miti haistaafu. Wiki hii tawi la mwembe limelala juu ya bati, wiki ijayo mjohoro umeziba njia ya gari, mara mkaratusi uliokauka umedondosha mkono mzima kwenye banda la kuku. Hakuna hata moja katika hizo iliyo kazi ya siku. Ni kazi ya dakika kumi, lakini ni dakika kumi ambazo panga linazigeuza kuwa saa mbili na mgongo wa kuuma hadi Jumatatu.

Chensoo ya petroli ninayo pia, aliiacha baba. Nimeihesabia: kutoka kuitoa stoo hadi ikate tawi la kwanza, dakika arobaini, na hapo ni siku imekubali. Kwanza utafute petroli. Huku kwetu petroli inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, na chupa haikuambii ndani kuna petroli tupu, petroli iliyotiwa mafuta ya taa, au petroli iliyopigwa jua tangu mwezi uliopita. Kisha uchanganye na oili ya 2T, kwa sababu injini ya namna ile haina tanki la oili. Inalainishwa na hicho hicho inachokunywa. Kipimo cha kawaida cha sehemu hamsini kwa moja ni mililita 20 kwa lita, yaani vijiko vinne vya chai. Kijana wangu anapima kwa macho. Akizidisha, tunapata moshi wa kufukuza nyuki. Akipunguza, pistoni inakwaruza na hapo kwaheri injini. Na kama ulisahau mafuta ndani tangu mvua zilizopita, kabureta imeshashika gundi, nenda kwa fundi.

Halafu ile kamba. Sijui nani aliamua kwamba mashine ya kukatia miti iamshwe kwa kuvutwa kamba. Bega langu la kulia liliwahi kuganda miezi minane, daktari akasema ni la umri, na hata lilipopona halikurudi lilivyokuwa. Mvuto wa kwanza ninauweza. Wa pili ninauweza kwa kusaga meno. Wa saba, injini inakohoa kidogo halafu inanyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa swali, na mimi nakaa chini juu ya gogo nikitafuta pa kuanzia.

Basi nikawa namtegemea kijana, na kijana ana wateja. Ukimpigia kwa ajili ya tawi moja anakuja siku anayotaka yeye, na bei ya tawi inakaribia bei ya mti, kwa sababu mafuta ya pikipiki hayajui kama umemwita kwa tawi au kwa mti. Simlaumu. Ila lile tawi la kwenye bati lilikaa pale siku kumi na tisa, na mvua mbili zikanyesha ndani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la bei rahisi. Mwanangu yuko Dar es Salaam. Nikamtuma Kariakoo, akaniletea kile kichensoo kidogo cha betri cha mkono mmoja, bapa lake (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) urefu wa kiganja na vidole, kimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa 388. Kila aliyekiona alidhani ni volti. Betri yake ilipokufa baada ya miezi mitatu tulimpelekea fundi simu pale sokoni, akaifungua: seli tano ndogo, za kufanana na betri za tochi, zimeunganishwa mfululizo. Seli moja ya litiamu ikijaa kabisa inafika volti 4.2, zidisha kwa tano, ni 21. Hiyo 388 sijui ni ya nini, labda ni namba ya bahati ya mwenye kiwanda. Kwa haki yake, kilikata vizuri matawi ya unene wa mpini wa jembe. Mpini wa jembe naukata kwa msumeno wa mkono.

Ya pili niliinunua kwa akili na kwa sehemu ya kiinua mgongo. Watoto walinuna kidogo. Ina volti 36, yaani seli kumi mfululizo, na betri yake imeandikwa ampea-saa 5. Zidisha, upate wati-saa 180. Bapa ni inchi 14, na uzito wake pamoja na betri haufiki kilo tano. Unaingiza betri hadi isikike "tak", unashusha breki ya cheni, unabonyeza kitufe cha usalama kwa dole gumba, unavuta triga. Inakata. Ukiachia triga, inanyamaza. Siku ya kwanza niliiwasha na kuizima mara kama kumi uani bila kukata chochote, kama mtoto aliyewekewa swichi mpya ya taa.

Sasa hesabu, maana najua kuna watakaouliza. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9 za umeme. Betri yangu ikijaa ina uniti 0.18. Ni kama mara hamsini. Hata ukikumbuka kwamba injini ndogo inapoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto, moshi na kelele, bado kijana mwenye chupa mbili za petroli anafanya kazi kutwa, na mimi mwenye betri moja nafanya kazi hadi chai ya saa nne. Anayekuambia betri imeshaimaliza petroli hajawahi kukata gogo la mjohoro mkavu. Upande wa pili, kuijaza betri hiyo kutoka sifuri, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, ni robo uniti kwa kukadiria juu. Kwangu uniti haifiki shilingi 400. Kwa hiyo ni chini ya shilingi 100 kwa asubuhi nzima ya kazi, wakati lita ya petroli inacheza karibu na 3,000 na unaongezea oili. Lakini usinunue kwa sababu ya hesabu hiyo peke yake: betri ya akiba iligharimu karibu nusu ya bei ya mashine yenyewe, na itachukua miaka mingi ya shilingi mia mia kuirudisha.

Kilichonishangaza ni kunoa. Hilo sikulitegemea.

Wiki za mwanzo nilikuwa nalalamika kwamba betri haikai. Mkaratusi mbichi, unene wa kama birika ya chai, nakata vipande ishirini na moja, taa nne za betri zimebaki moja, inawaka na kuzima. Nikadhani nimeuziwa kitu kibovu tena. Jirani yangu, seremala mstaafu, akaja kuangalia. Hakuangalia betri wala mashine. Aliinama chini, akachota kilichomwagika kwenye nyasi, akakisugua kwa vidole.

"Huu ni unga," akasema. "Chensoo haisagi, inachonga. Lete tupa."

Cheni kali, mnaojua mnajua, inatema vipande vinavyoonekana, kama mchele mpana. Cheni butu inatema vumbi kama unga wa muhogo. Injini ya petroli haikuambii hilo mapema, kwa sababu ina nguvu ya kulazimisha: unakandamiza, inanguruma, inakata kwa moto zaidi kuliko kwa meno, na mafuta unayopoteza huyaoni. Betri inakuonyesha papo hapo. Taa nne, tatu, mbili, na kipande cha kumi hujakimaliza. Ni kama mtoto mwenye njaa, hawezi kuficha.

Kwa hiyo nikajifunza. Tupa ya duara ya milimita 4 kwa cheni yangu. Ukubwa wa tupa unafuata cheni, umeandikwa kwenye karatasi yake, na tupa isiyo yake inaharibu koo la jino. Naitoa betri kwanza. Nasema tena, naitoa betri kwanza na kuiweka mbali, maana mashine hii haina dalili kwamba iko macho. Ya petroli ikizimwa unajua imelala, hii inalala macho wazi. Naibana bapa kwenye ufa wa jiwe lile la katikati ya njia (hatimaye limepata kazi), natia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. Tupa inasukumwa kwenda mbele tu, kufuata mstari mdogo uliochongwa kwenye jino, mara tatu, nne, mkono umetulia. Kurudi naiinua. Jino moja linaangalia kulia, linalofuata linaangalia kushoto, kwa hiyo namaliza ya upande mmoja yote, nageuka, namaliza ya upande mwingine kwa idadi ile ile ya misukumo. Ukinoa upande mmoja zaidi, cheni inakata kwa kupinda, unaanza katikati ya gogo unaishia pembeni. Ncha ikishakaa sawa unaiona: ule mng'ao mweupe wa butu kwenye makali unapotea, na jino linashika ukucha badala ya kuteleza.

Baada ya kunoa, mkaratusi ule ule, betri ile ile, nilikata vipande thelathini na nane. Niliviandika ukutani stoo kwa mkaa, bado viko pale.

Shida ya Mwanza ni kwamba makali hayakai. Upepo wa ziwa unajaza mchanga kwenye magome, hasa upande wa magharibi wa mti, na gogo likilala chini linalala juu ya jiwe. Ukigusa jiwe kwa ncha ya bapa, hata nusu sekunde, cheche moja, basi, rudi kanoe. Kuna na misumari. Mijohoro ya chini karibu na maji ilitumiwa na wavuvi miaka mingi kutundikia nyavu na kufungia kamba, na mti unakua, unameza msumari, unakaa kimya ukikungoja. Nimekutana na misumari mitatu na kipande kimoja cha waya. Siku hizi nagonga gome kwa panga na kuchunguza kabla sijagusa.

Oili ya cheni nitaitaja kwa kifupi kwa sababu wengi wanadhani chensoo ya betri haina oili kabisa. Inayo. Haichanganywi na kitu, lakini bapa lazima lilainishwe, kuna kitanki chake, na nakijaza kila ninapobadili betri. Kijana anatumia oili chafu iliyomwagwa gereji. Mimi sitaki, kwa sababu oili hiyo yote inarushwa chini, na kwangu chini ni mteremko hadi ziwani, ambako ndiko tunakochota maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe bila shughuli za kudumu, na huku tunafuatilia sana nani kajenga ndani ya zile mita 60. Anayemwaga oili hafuatiliwi na mtu. Natumia mafuta ya alizeti. Yanafanya kazi vizuri sana ilimradi usiyaache kitankini. Niliyaacha wiki saba nilipokwenda kuuguza Sengerema, nikakuta yamegeuka utomvu, cheni imeganda kwenye bapa kama maandazi yaliyong'ang'ania sahani.

Na minyaa. Nilikuwa nimeona fahari sana kupunguza uzio wa minyaa kwa chensoo, unashuka kama ndizi. Sikuvaa miwani. Cheni inarusha, na minyaa ina maziwa. Tone moja tu liliingia jicho la kushoto. Nilikaa nimeinamia ndoo ya maji saa nzima huku nikiwataja wazee wote waliowahi kupanda minyaa, na usiku ule nililala na kitambaa cha maji usoni, nikiamini nimepofuka. Asubuhi niliona, lakini kwa ukungu, na zahanati wakanigombeza kama mtoto. Sasa minyaa naikata kwa panga, polepole, nimevaa miwani hata hivyo.

Mwezi Machi upepo ulikuja usiku. Wanaokaa kando ya ziwa wanazijua mvua hizi: zinakuja gizani kutoka majini, kwanza baridi ya ghafla, halafu mabati ya jirani yanaanza kuongea. Saa nane hivi nikasikia kitu kama gunia la mchele limedondoka kutoka mbinguni. Kulipokucha, mjohoro mkubwa wa pembeni ya njia ulikuwa umelala, umekandamiza uzio, matawi yamefika barabarani, na umepita na waya wa umeme wa mtaa mzima. Waya ulikuwa chini kwenye majani ya jirani. Tukakaa mbali, tukapiga simu, tukawafukuza watoto hadi mafundi walipokuja kukata umeme kabisa na kuuondoa ule waya.

Hapo ndipo nilipoona udhaifu wa mpango wangu wote, nimesimama na chensoo mkononi. Siku inayoangusha miti ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Nilikuwa na betri moja, imejaa, na hakuna kingine.

Nikaanza na matawi ya barabarani ili bodaboda zipite. Kazi ilikwenda vizuri mno, ndiyo maana nikajisahau. Lile tawi kubwa la mwisho lilikuwa limeegemea jiwe upande mmoja na uzio upande mwingine, limejipinda katikati kama daraja linalobonyea. Mti uliokaa hivyo umebanwa juu na umevutwa chini. Unakata juu kidogo tu, unamalizia kutoka chini. Hilo ninalijua, ningeweza hata kulichora ubaoni. Nikakata kutoka juu moja kwa moja, na mti ukafumba mdomo. Bapa likabanwa, cheni ikasimama, taa ya betri ikabaki moja, na mimi nikabaki nimeshika mpini wa mashine iliyoliwa na mti mbele ya abiria watano wa bodaboda wenye ushauri mwingi.

Nikachomoa betri, nikaiacha mashine mdomoni mwa mti, nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotua.

Pale mwaloni kuna kibanda cha kuchaji. Paneli ziko juu ya bati, ndani betri kubwa na inveta, na mwenyewe ni mzee aliyewahi kuvua dagaa. Wasiokaa huku wajue: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na zamani taa ile ilikuwa karabai. Mafuta ya taa, pampu, utambi wa kitambaa unaopasuka ukiguswa, na upepo mmoja mbaya unakuzimia zote. Sasa mitumbwi mingi ina taa za betri, na vijana wanapanda asubuhi kutoka ufukweni na betri begani kama wanavyobeba ndoo. Kwa hiyo nilipomwekea mezani betri yangu ya chensoo na chaja yake hakushangaa hata kidogo. Aliigeuza, akasoma wati za chaja, 120, akatikisa kichwa kukubali.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. "Umekuja siku nzuri. Ni mbalamwezi, hawaendi ziwani, kibanda kitupu."

Kungekuwa giza ningekuta taa arobaini kwenye foleni. Nililipa shilingi 1,000. Ila chaja ilikataa: taa nyekundu, inapepesa. Mzee akaishika betri, akairudishia kwenye sakafu ya zege, kivulini. "Ina homa. Iache ipoe." Betri za litiamu hazitaki kujazwa zikiwa za moto, zikipita nyuzi 45 hivi chaja yenye akili inagoma, na isiyo na akili inaikubali na kuimaliza maisha. Tukaisubiri nusu saa, tukizungumza habari za karabai. Alisema kilichowahamisha wengi siyo bei. Ni kwamba taa mpya haihitaji mtu mmoja mtumbwini wa kuipampu usiku kucha.

Nilirudi mchana na betri imejaa na kabari mbili alizonichongea kwa mwarobaini. Nikazipigilia kwenye mkato kwa nyundo, moja kila upande, mti ukafumbua mdomo taratibu, bapa likatoka zima. Safari hii nikakata kutoka chini kama nilivyokuwa nikijua tangu mwanzo. Jioni matawi yote yalikuwa yamepangwa, ya kuni huku, ya mbuzi kule.

Shina lilinishinda. Lilikuwa na unene unaozidi bapa langu, na moyo wa mjohoro ni mweusi, mgumu kama deni. Kijana alikuja Jumamosi, maana wiki ile kila nyumba ilikuwa na mti wake chini na yeye ndiye mfalme. Akawasha kwa mvuto mmoja, mabega ya miaka ishirini na sita, mbuzi wakakimbilia Igombe. Dakika kumi na tano, shina vipande sita. Alipozima aliangalia lile rundo la matawi, akauliza nani alinikatia. Nikamwambia mchicha ule nimeukata mwenyewe.

Hilo la kelele nalo lina pande mbili. Yangu haiko kimya, bado nafunga masikio nikikata muda mrefu, lakini naweza kuusikia mti. Kabla tawi halijaachia, kuna mlio mdogo wa nyuzi kupasuka, kama mtu anakunja karatasi ngumu chumba cha pili, na nikiusikia naondoka. Mwenye petroli anauona mti umeshaanza kuja. Kwa upande wa pili, watoto hawaiogopi. Mjukuu wangu aliwahi kuja hadi nyuma yangu kunionyesha kinyonga, nikageuka na mashine mkononi. Tangu siku hiyo nazungushia kamba ya manila kabla ya kuanza, na hakuna anayevuka, hata mwenye kinyonga.

Betri ya pili nimeshanunua. Zote mbili zinakaa ndani ya nyumba, si stoo ya bati, na nikiona sitazitumia kwa muda naziacha nusu. Mawingu yakianza kukaa vibaya upande wa Ukerewe, nazijaza mapema.

Bado kuna mkaratusi mmoja umeinamia nyumba, na huo sijaribu. Tumekubaliana na kijana Jumamosi ijayo: yeye anaangusha, mimi napunguza matawi. Alijaribu kutoza bei ya kazi nzima, nikamwambia matawi ni yangu, tukapatana. Wakati wa kuondoka akasita, akafungua begi, akatoa cheni yake imeviringishwa ndani ya gazeti. Amesikia kwa seremala, anasema. Anaomba nimnolee kabla ya Jumamosi.

Nimemwambia alete na tupa yake. Yangu ni ya milimita 4, na meno yake yanataka nene zaidi.